Faili ya mipangilio: JSON, YAML au TOML?

Hii ni miundo mitatu ya kuandika mipangilio ya programu. Kwanza uliza ni nani atakayeihariri faili hiyo. Ikiwa ni programu yenyewe, tumia JSON: karibu kila lugha ya programu huisoma, ila haikubali maelezo ya pembeni wala koma baada ya kipengee cha mwisho.

Ikiwa ni watu, YAML husomeka kwa urahisi lakini hukisia aina ya data. Mfumo wa duka la Kisumu ukiandika `msimbo_simu: 057` bila alama za nukuu, kisomaji cha YAML 1.1 huiona kuwa namba ya msingi wa nane na kurudisha 47. 051 ya Nakuru hugeuka 41. Hakuna kosa litakaloonyeshwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Tabu mwanzoni mwa mstari, angalau, hukataliwa papo hapo.

Kwa fremuweki (kiunzi cha kujengea programu) mpya tunapendekeza TOML. Huikataa 057 tupu, nawe utalazimika kuandika `"057"`. Kuanzia Python 3.11, maktaba ya ndani `tomllib` huisoma bila kusakinisha chochote, ingawa haiandiki. Ngazi za ndani (mipangilio iliyo ndani ya mipangilio mingine) zikizidi tatu TOML huchosha. Zipunguze kabla ya kukimbilia YAML.

Nywila ziweke kwenye vigezo vya mazingira (thamani ambazo programu hupewa na mfumo inamoendeshwa), kamwe si ndani ya Git, mfumo wa kuhifadhi historia ya msimbo.