Kikundi kisife na mwanzilishi wake: fanyeni haya mapema

Huku Tabora vikoba na vikundi vya kufa na kuzikana vipo kila mtaa, nenda Isevya, nenda Cheyo, nenda Ng'ambo, na vingi vinakufa kwa staili ileile, mama aliyekianzisha akihamia kwa mwanae Dar au Mungu akimchukua, haichukui muda kila mtu anadai hisa zake. Watu wanasema wanachama hawana umoja. Mi nakataa, kikundi chote kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Hili kwetu sio geni. Mtemi (chifu) Mirambo wa Urambo alikuwa na dola ya kutisha lakini nguvu yote ilikuwa kwake yeye, alipofariki 1884 ikaanza kumeguka. Unyanyembe, yaani hapahapa Tabora, mtemi Isike alikufa akipambana na Wajerumani 1893 na bado utemi ukaendelea mpaka serikali ilipoufuta 1963, naona ni kwa sababu watu walikuwa wanakijua kiti, anayekikalia hubadilika.

Sasa anzeni na sanduku. Makufuli matatu, funguo kwa watu watatu ambao sio viongozi na hawakai nyumba moja. Halafu hii msiiruke hata siku moja: mwisho wa kikao hela inahesabiwa kwenye bakuli mbele ya wote, salio linatajwa kwa sauti, wote mnalikariri, kikao kijacho kabla sanduku halijafunguliwa anaitwa mwanachama yeyote alitaje, hata bibi asiyejua kusoma. Hapo hata daftari likiungua kumbukumbu ipo kwa watu wote na hakuna wa kuja kusema marehemu ndo alikuwa anajua.

Katiba iandike vyeo, sio majina. Ukikuta imeandikwa "hela atatunza mama fulani" futeni, wekeni "mweka hazina", na kila mkivunja mzunguko na kugawana akiba mchague viongozi upya hata kama waliopo mnawapenda. Msajili kikundi pia, afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza.

Kinachoua vikundi siku hizi ni simu. Hela ipo kwenye laini ya mtu binafsi, namba ya siri anayo yeye, akifa mnaanza kuhangaika na ndugu zake wakiwa kwenye msiba, ni aibu jamani. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na mmoja akiondoka andikeni muhtasari wa kikao mkambadilishe benki fasta.

Mwisho jaribuni mwanzilishi angali mzima: mwambieni asije vikao viwili mfululizo, makusudi kabisa, akae nyumbani. Mtakwama sehemu na mtampigia simu, sawa, ila kila swali mlilompigia liandikeni na jibu lake, kikao cha tatu liingie kwenye katiba.