Hati ya hisa ya zamani usiipeleke stesheneri

Ndugu zangu wa Kigoma, ukikuta kwenye sanduku la babu hati ya hisa au hatifungani (hati ya mkopo) ya enzi za Mjerumani, zama reli inafika Tabora (1912) kisha huku ziwani (1914), tafadhali usiipeleke stesheneri ikabanwe kwa plastiki ya moto kama cheti cha shule. Haitoki tena, na thamani yake kwa wakusanyaji inaondoka nayo. Selotepu nayo adui: hati yangu moja ilibandikwa kwenye mkunjo, leo ina mstari wa kahawia usiofutika. Zile kuponi ndogo za kudaia riba au gawio, ziache zilivyo! Matundu ya kubatilishia hati si kasoro kubwa. Ilaze bapa, mbali na ukuta. Unyevu wa ziwa tunaujua.