Kutoa gundi na ute wa plastiki kwenye hela ya Kijerumani

Hela ya shaba (sarafu ya enzi ya ukoloni wa Wajerumani, ndiyo iliyotupa neno "hela") au rupia ya fedha ya enzi hiyo ikitoka kwenye sanduku la mzee wa Kalenga au Tukuyu, mara nyingi imechafuliwa na gundi ya selotepu, au ute wa kijani uliotoka kwenye mfuko laini wa plastiki. Vyote viwili vinayeyuka kwenye asetoni, kimiminika cha kemikali kinachokauka na kushika moto upesi. Ndimu na chumvi, majivu, dawa ya meno, hivyo vinakula au kukwangua sura ya sarafu, na thamani hairudi.

Gusa uchafu kwa ncha ya kijiti cha meno. Ukinata na kuteleza, ni ute wa plastiki. Ukiwa mgumu kama ukoko, hiyo ni kutu ya shaba: asetoni haiitoi, iache. Weusi wa fedha nao uache.

Tafuta asetoni safi kwenye duka la kemikali za maabara. Dawa ya kutoa rangi ya kucha ina mafuta na manukato, na thina ya rangi ni mchanganyiko. Vikikauka vinaacha utando.

Chukua bilauri mbili za kioo, maana plastiki nyingine huyeyuka na kuhamia kwenye sarafu. Laza sarafu, mimina asetoni ipite juu yake kwa sentimita 1, funika kwa kisosi cha kauri. Gundi huhitaji kama dakika 10. Ute wa zamani kwenye rupia unaweza kuchukua saa kadhaa. Shaba itoe kila baada ya dakika 15 uikague. Usikwangue, tikisa bilauri taratibu.

Kisha ihamishie kwenye bilauri ya pili yenye asetoni mpya. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Asetoni ya kwanza imeshabeba gundi, na ikikaukia juu ya sarafu gundi inarudi: igeuzegeuze kwenye mwanga utaona rangi rangi, kama mafuta ya gari kwenye dimbwi.

Itoe kwa kibano cha mbao, isimamishe kwa ukingo juu ya tishu, usiifute. Asetoni ikikauka huipoza sarafu, na siku ya mvua Tukuyu unyevu huigandia na kuacha madoa. Subiri mchana mkavu, na kabla ya kuihifadhi iache nusu saa.

Mbeya mwezi wa Julai watu hufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani. Usithubutu. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka kwenye kaa, na hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 0. Fanyia kazi nje, upenuni, mbali na jiko, sigara na watoto. Usiichanganye na jiki, hutoa sumu. Iliyobaki usiimwage chooni. Iache wazi nje, mbali na moto, ikauke.

Mfuko ule laini utupe. Ukiirudisha sarafu humo, baada ya muda utaanza upya.