Vitafunwa vya matunda kwa mbwa wa shambani: bila oveni, bila sukari, bila kokwa

Kila tunapotandika meza ya chanjo ya kichaa cha mbwa chini ya mwembe, mambo huwa yaleyale. Watoto ndio wanaoleta mbwa, wamewafunga kamba ya katani shingoni, na mbwa wengine wanakuja wakiburutwa, miguu yote minne imekita mchangani. Kuchoma sindano hakumalizi hata dakika moja. Kinachokula muda ni kumshika mbwa ambaye tangu azaliwe mkono wa mtu ameujua kwa kipigo tu. Wapo wanaochomoka na kutokomea kwenye mikorosho, na hao hawarudi siku hiyo.

Mwaka juzi mzee mmoja alifika na mbwa wake, Simba, bila kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, bwana mifugo. Wewe tayarisha sindano yako tu, huyu mimi na yeye tunaelewana."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ukanda wa embe lililokaushwa, mwembamba kama ulimi wa kiatu. Akaushika kwa vidole viwili mbele ya pua ya Simba. Simba akaketi kitako. Wakati anauvuta ule ukanda polepole kwa meno ya mbele, mimi nilikwishamchoma na kuchomoa sindano, naye hata hakugeuza shingo. Babu akampa kipande cha pili, wakaondoka zao.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwafundisha wafugaji vitafunwa vya matunda kwa bidii ileile ninayofundishia minyoo na kupe. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili kichaa kikatike. Kila mbwa anayetuponyoka mezani anatuangusha kwenye hesabu hiyo, na anayeumwa mwishoni mara nyingi huwa mtoto.

Niseme wazi jambo moja. Sikushauri umpe mbwa matunda ili umlishe. Chakula chake ni nyama, dagaa, utumbo, mifupa laini, mayai na ugali wa kushikilia tumbo. Vitamini C mwili wake unajitengenezea wenyewe, haihitaji machungwa yako. Tunda ni la kumvutia mkononi, liwe dogo, lije kwa sababu, na litoke kwa mtu anayemtaka amwamini.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi

Kanuni ya madaktari wa wanyama ni kwamba vitafunwa visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku. Tuiweke kwenye mizani. Mbwa mzima wa kienyeji wa kilo 15 anahitaji kalori 850 hivi kwa siku. Asilimia 10 yake ni 85. Ndizi moja mbivu ya ukubwa wa wastani ina kalori kama 100. Kwa hiyo ndizi nzima imekwishapita kipimo, na kuna nyumba nimekuta mtoto anampa mbwa ndizi 3 asubuhi kisha mama anashangaa kwa nini mbwa anaharisha. Embe na papai vina kalori chache kuliko ndizi kwa uzito uleule, tikiti maji chache zaidi kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji, lakini nyuzinyuzi zikizidi tumbo la mbwa hulegea vilevile.

Kama hajawahi kula tunda, anza na kipande kimoja cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Subiri hadi kesho yake, uangalie kinyesi. Kikiwa sawa, endelea. Watoto wa mbwa wanaonyonya waache kabisa.

Kokwa

Hapa nitakaa kidogo, maana yamenikuta nyumbani kwangu.

Msimu wa maembe dodo tulikuwa tunamenya kwa ajili ya kukausha, makokwa tunayatupa kwenye ndoo bila mfuniko. Mbwa wetu jike akachukua moja, akalala nalo chini ya karo, akalifyonza kama mtoto anavyofyonza. Tukaona anafurahi, tukamwacha. Nililiona likiwa jeupe, lenye nyuzi zilizosimama kama mswaki uliochakaa. Nilipogeuka tena halikuwepo. Siku ya pili alitapika maji ya njano. Siku ya tatu alikataa hata utumbo wa kuku, akawa anasimama amekunja mgongo, na nilipomgusa tumbo alilia. Kokwa lilikuwa limeziba utumbo. Ilibidi apasuliwe mjini, na alipona kwa sababu tu tulifika mapema. Mimi ni mtaalamu wa mifugo na nilikuwa nimesimama hatua 5 kutoka kwake.

Kwa hiyo, ndoo ya makokwa iwe na mfuniko, na makokwa yafukiwe siku hiyohiyo. Kokwa la parachichi ni hatari kwa njia ileile. Nanasi toa ule moyo mgumu wa katikati. Papai na tikiti toa mbegu na maganda. Ganda la ndizi halisagiki vizuri tumboni mwa mbwa, usimpe.

Na yale maembe yanayodondoka yenyewe chini ya mti? Yaliyopasuka na kuchacha, hapana. Tunda lililochacha lina kileo, na mbwa hana uwezo wa kukistahimili; mabibo yaliyolala siku kadhaa chini ya mkorosho ni vilevile. Yenye funza wa inzi wa matunda, yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na sasa yuko kila shamba, yakusanye uyafukie kwenye shimo la nusu mita au zaidi, kwa faida ya shamba lenyewe. Tunda la mbwa liwe lile ambalo wewe mwenyewe ungelila: bivu, zima, limeoshwa. Kama mti ulipuliziwa dawa, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zinamhusu na mbwa pia.

Namna tatu za kutengeneza

Ya kwanza ni gololi za ndizi na kiazi, na ndiyo ninayoipenda kwa mafunzo kwa sababu hazichafui mfuko. Chemsha kiazi kitamu kimoja cha ukubwa wa ngumi mpaka kiive kabisa, menya, kiache kipoe. Kiponde pamoja na ndizi moja mbivu. Ongeza vijiko 2 vya chakula vya karanga zilizokaangwa bila chumvi na kusagwa laini. Kanda. Kama donge linanata mno mikononi, liache dakika 20 mahali pa baridi, litashikana. Viringisha gololi kubwa. Utapata kati ya 35 na 40, kila moja ikiwa na kalori 10 hivi. Mbwa wetu wa kilo 15 apewe 5 au 6 kwa siku na si zaidi, mdogo wa kilo 7 apewe 3. Kwenye friji hukaa siku 3. Kama huna friji, tengeneza nusu ya kipimo, zitumike siku hiyo, zinazobaki usilaze.

Ya pili ni ya wenye jokofu na siku za joto kali: embe au tikiti lililosagwa, lichanganywe na mtindi usio na sukari, sehemu 2 za tunda kwa moja ya mtindi, kisha limiminwe kwenye trei za barafu. Mtindi ni bora kuliko maziwa mabichi, kwani mbwa wazima wengi hawaiwezi sukari ya maziwa, na maziwa yakishageuka mtindi sehemu ya sukari hiyo huwa imeliwa na bakteria. Weka kibonge kimoja kwenye bakuli lake, si mkononi.

Ya tatu ni ile ya babu, nayo ndiyo inayofaa zaidi kwa mkulima, kwa sababu Desemba na Januari maembe yamejaa na bei imeanguka. Chagua maembe yaliyoiva lakini bado yana ugumu kidogo. Menya, kata vipande virefu vyenye unene wa penseli. Vipange kwenye wavu safi ndani ya kikaushio cha jua, lile sanduku la mbao lenye nailoni juu na matundu ya kupitisha hewa, visigusane. Usiku viingize ndani visinywe umande. Kwa jua zuri ni siku 2 hadi 3. Kipande kilichokauka sawasawa hukunjika bila kuvunjika, na ukikiminya hakitoi maji. Viache vipoe kabisa, ndipo uvitie kwenye chupa yenye mfuniko, halafu uitazame chupa kwa siku 2. Ukiona matone ya maji ndani ya kioo, havijakauka, virudishe juani. Hili la kutazama chupa ndilo watu wanaloliruka, wakija kustuka kuna ukungu.

Usinyunyize chumvi, sukari wala pilipili, hata kama vya watoto unanyunyiza. Kumbuka pia kwamba kilo 10 za maembe hutoa kama kilo moja tu ya vipande vikavu, yaani utamu wote umejikusanya humo. Kipande cha urefu wa kidole kina kalori kama 15. Vipande 3 kwa siku vinamtosha yule wa kilo 15, na siku hiyo gololi hapewi.

Karanga za kutupa si za mbwa

Hili linaniuma. Tukichambua karanga au mahindi, zile punje zilizosinyaa, zenye rangi ya kijivu au kijani, tunasema "hizi za mbwa". Humo ndimo sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, inamokaa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara. Mbwa anadhurika nayo upesi sana, ini lake ndilo linalooza. Mwishoni mwa 2020 nchini Marekani zaidi ya mbwa 110 walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi. Punje iliyoharibika ifukie au ichome moto. Zile unazotia kwenye gololi ziwe zile unazowasagia wanao.

Vya kutompa kabisa

Zabibu, mbichi au kavu, zinaharibu figo za mbwa, na huwezi kutabiri ni ngapi zitamdhuru. Keki na pilau zenye zabibu kavu zihesabu humo. Ukwaju nao uweke kundi hilo: una wingi wa asidi ya tartari, ambayo tangu 2021 madaktari wa wanyama wa Marekani wanaishuku kuwa ndiyo sumu iliyomo kwenye zabibu. Huku kwetu ukwaju uko kila jiko, kwa hiyo nalisema hili kila ninapopita. Ubuyu wa rangi na sukari, pia usimpe.

Wenzetu wa Embu, Murang'a na Kirinyaga wenye makadamia wajue kwamba karanga hizo humlegeza mbwa miguu ya nyuma hata ashindwe kusimama. Chokoleti, kahawa, vitunguu maji na vitunguu saumu, hapana. Parachichi lina mafuta mengi yanayoweza kuwasha kongosho, na kwa mbuzi, sungura na kuku ni baya zaidi, kwa hiyo maganda na majani yake usiyatupe ovyo uani. Siagi ya karanga ya dukani soma lebo: ikiwa na zilitoli, utamu unaotiwa badala ya sukari, iache. Zilitoli humshusha mbwa sukari ya damu ndani ya nusu saa.

Akila kimoja kati ya hivyo, usingoje dalili. Figo zilizoguswa na zabibu hujionyesha baada ya siku moja hadi 3, na hapo umechelewa. Usimnyweshe chumvi ili atapike, chumvi yenyewe inaua. Mchukue mpaka kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti au mabaki ya alichokula.

Jinsi ya kuvitumia

Tenga kisu, kibao na bakuli la mbwa, viweke nje ya jiko. Kwa nyumba nyingi za huku pwani hilo ni suala la twahara, usafi wa kidini, kabla halijawa la afya, na lina nafasi yake. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Anza wiki 3 kabla ya siku ya chanjo. Wiki ya kwanza mwite kwa jina, akifika mpe gololi moja kwenye kiganja kilichofunguka, basi. Usimshike. Wiki ya pili, kabla ya kumpa, mguse sikio, kisha mdomo, kisha mguu, kila siku sehemu moja zaidi. Wiki ya tatu vuta kidogo ngozi ya nyuma ya shingo, pale tunapochoma, uibane kwa sekunde 2, ndipo umpe. Mtoto asifanye hivi peke yake, akae na mtu mzima, na mbwa akiwa anakula bakulini asiguswe.

Siku ya meza njoo na gololi 4 au vipande 2 vya embe mfukoni. Kimoja mpe ukiwa kwenye foleni, kimoja kikae mezani karibu na mkono wangu. Nitakusubiri umuonyeshe kwanza, ndipo nichome.