Kufunga lenzi ya mashine ya kukuzia picha kwenye kamera ya dijitali

Lenzi ya chumba cha giza, yaani ya mashine ya kukuzia picha za filamu, iliundwa kwa kazi moja: kuimulika taswira ya negativu iliyo bapa juu ya karatasi iliyo bapa, pembe zikawa kali sawasawa na katikati. Kwa hiyo kwetu Lamu naithamini kuliko lenzi nyingi za kisasa, maana vitu vya kupiga ni bapa vivyo hivyo: nakshi za milango, kurasa za maandiko ya kale, darizi za kofia. El-Nikkor, Rodagon au Componon-S ya milimita 50, iliyotumika, inatosha kabisa.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua.
Hapa ndipo pesa hupotea. Lenzi hizi hazina pete ya fokasi, hivyo huwekwa juu ya helikoidi, mrija unaorefuka ukiuzungusha. Lenzi nyingi za milimita 50 zinahitaji kama milimita 43 hadi 45 kutoka kitakoni hadi kwenye sensa ili zione mbali. Kati ya hizo, kamera ya Sony E imeshachukua 18 kutoka mdomo wake hadi sensa, Nikon Z 16, kwa hiyo nafasi ipo. Canon EF imechukua 44 na Nikon F 46.5: hapo utapiga vya karibu tu. Mwenye kamera hizo atafute lenzi ya milimita 80.

Hatua ya 2: Nunua vitu vitatu.
Pete ya M39 kwenda M42 (thredi za kipenyo cha milimita 39, ya lenzi, na 42), helikoidi ya M42 ya milimita 17 hadi 31, na pete ya M42 kwenda kwenye kamera yako. Kwa Sony E, hii ya mwisho iwe ile nyembamba ya milimita 1: 18 na 1 na 17 ni 36, ukifungua helikoidi yote unafika 50. Adapta ya kawaida ya M42 ina unene wa karibu 27, nayo itakunyima mbali kote.

Hatua ya 3: Funga kwa vidole, bila nguvu.
Thredi ya M39 ina meno membamba, ikiingia upande huharibika. Baadhi ya lenzi zina kidirisha cha kuangazia namba. Kizibe kwa tepu nyeusi, la sivyo jua litapenya na picha itapauka.

Hatua ya 4: Kamera.
Ruhusu ipige bila kutambua lenzi, weka modi ya A au M, washa alama za rangi zinazoonyesha fokasi ilipo. Ukiwa na kitulizo cha mtikisiko, kiandikie milimita 50 za lenzi.

Hatua ya 5: Piga.
Ubapa wa lenzi hauna faida kamera ikiinama. Bandika kioo kidogo bapa cha kujitazamia juu ya mlango au ukurasa, kisha sogeza tripodi hadi uione lenzi yako yenyewe katikati ya skrini. Ondoa kioo, weka tundu la lenzi f/5.6 au f/8, piga. Kofia ikunje ilale kwanza.

Ukitaka uzi mmoja mmoja wa kofia, ongeza mirija: milimita 25 zaidi ya kipimo cha kuona mbali hukupa nusu ya ukubwa halisi, 50 hukupa ukubwa kamili. Kupita hapo, igeuze lenzi, mbele iwe nyuma.

Ukimaliza, ifute chumvi ya upepo na uihifadhi kwenye kopo lenye silika, chembe za kunyonya unyevu. Unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo.