Jinsi ya kuchukua sampuli ya mavi ya tembo kwa ajili ya DNA (vinasaba)

Wadau wa Liwale, Nachingwea na Nanyumbu, kama watafiti wa tembo wamefika kijijini kwenu wanatafuta vijana wa kuwasaidia, someni hii kabla hamjaingia porini, maana sampuli nyingi zinaharibikia palepale zinapookotwa.

Kwanza vibali. Mtafiti awe na vya TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na msiende bila askari wa wanyamapori, tembo mwenye mtoto hana msalie mtume.

Nendeni alfajiri. Mnatafuta bonge la usiku huo huo, bado linang'aa na lina ute, likishapauka achana nalo kwa sababu jua linakatakata DNA na mvua inaosha kile hasa tunachokitaka.

Hapa ndo wengi wanakosea. Mtu anapasua bonge anachota katikati, kumbe katikati ni majani na magome tu! Seli za tembo mwenyewe ziko kwenye ule ute wa nje, zimebanduka kwenye utumbo wakati mavi yanapita. Kwa hiyo vaa glavu mpya, chukua kijiti safi, kwangua juu juu upande ambao haujagusa udongo, kama kijiko kimoja cha chai hivi, tia kwenye chupa yenye ethanoli (spiriti ya maabara) na hakikisha imefunika kila kitu. Ukihamia rundo jingine badilisha glavu na kijiti, kila mara, hata kama umechoka.

Lebo andika kwa penseli. Sisi tuliwahi kuandika kwa kalamu ya wino, spiriti ikavuja kidogo njiani namba zote zikafutika, kazi ya siku nzima ikapotea na iliniuma sana. Andika tarehe, namba za GPS, na mzunguko wa bonge, pima kwa futi ya fundi cherehani, bonge kubwa tembo mkubwa, ndo wanavyokadiria umri.

Rundo moja sampuli moja. Tembo anaweza kunya mara kumi na tano kwa siku, kwa hiyo chagua marundo ya ukubwa tofauti usije ukapima mnyama mmoja mara nne.

Sasa kwa nini tunahangaika hivi? Kuna DNA ya mitokondria (vile vijisehemu vya ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu) ambayo mtoto anaipata kwa mama tu, na majike wanabaki kwenye ukoo wa mama zao, ila madume wakibalehe wanaondoka wanaenda mbali. Ukilinganisha DNA ya mama na ile inayotoka kwa wazazi wote wawili unaona kama madume bado wanapita kutoka Selous, kupitia huku kwetu, wanavuka Ruvuma mpaka Niassa kule Msumbiji. Mwaka 1976 Selous na Mikumi zilikuwa na tembo kama 110,000, sensa ya 2013 ikakuta 13,084. Waliobaki wakifungiwa njia na mashamba wataishia kuzaana ndugu kwa ndugu, na damu ngeni hailetwi na kitu kingine zaidi ya dume anayepita kwenye ufuta wako usiku. Najua inauma, shamba ni shamba, lakini ndo ukweli.

Chupa zikifika kambini zungushia selotepu kwenye kifuniko, weka kivulini na sio kwenye dashibodi ya gari, Liwale mpaka maabara ni mbali.