Tuenti foo imelia, mpira unaanzia wapi sasa?

Viwanja vya mpira wa kikapu hapa Tanga ubishi ni huu huu kila jioni: timu imekaa na mpira bila kurusha kikapuni mpaka sekunde 24 zimeisha (ndo tuenti foo yenyewe), honi imelia, basi jamaa wa upande wa pili anaubeba mpira mbio mpaka chini ya kikapu chake anarusha kama vile kafungwa. Hujafungwa bwana! Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mpira unarushwa toka nje ya laini, pale palipo karibu zaidi na mchezo uliposimama, isipokuwa nyuma ya bodi (ule ubao wa kikapu) moja kwa moja, hapo mnasogea pembeni.

Fanya hivi. Honi ikilia ngoja filimbi, mtazame refa: kiganja juu maana yake saa imesimama, vidole vikigusa bega ndo tuenti foo hiyo, halafu ataonyesha mpira unaelekea wapi. Mpira mpe yeye, akuonyeshe sehemu ndo akurudishie. Ukishaupata una sekunde 5 za kuutoa, na kushoto kulia jumla unaruhusiwa mita 1 tu, ila kurudi nyuma ruksa hata ukafike kwa muuza mihogo. Kukimbia laini yote ya nyuma ni pale mmefungwa, sio hapa. Kukanyaga laini sio kosa, kosa ni kuingiza mguu kiwanjani kabla hujaachia mpira. Kocha akitaka kubadilisha mchezaji au kuomba taimu auti huu ndo muda wake, na timu zote mbili zinaruhusiwa.

Saa ya tuenti foo je? Mkirushia nusu yenu, na mara nyingi ndo inavyokuwa, mnapata 24 mpya, mkirushia nusu ya wapinzani mnapata 14. Sasa wewe uliyekaa mezani na simu usiiwashe saa wakati mpira ungali mikononi mwa mrushaji, subiri uguswe na mtu ndani. Na wale wazee wa pembeni wanaopiga kelele "thelathini bado!" muwasamehe, FIBA ilikuwa 30 kweli, 24 imekuja mwaka 2000.

Ugomvi mkubwa uko kwenye mpira uliorushwa kikapuni ukawa bado hewani honi inapolia. Kama umeshatoka mkononi na ukaingia, pointi halali. Ukigusa rimu (ile ringi ya chuma) usiingie, hakuna kosa, gombanieni ribaundi, yaani mpira uliorudi. Ukigonga bodi tu au usiguse kitu, hilo kosa, LAKINI kama mpinzani kaudaka palepale bila utata refa hapigi filimbi, mchezo unaendelea, na mimi naona ni haki kabisa, kwa nini umkatishe mtu mbio zake kwa kosa la mwenzie? Watu hawalijui hili, wanaganda wote mikono kiunoni, mmoja aliyeamka anaenda kufunga peke yake, ndo matusi yanaanza. Kwa hiyo sikiliza filimbi, mpira uliorushwa ukiwa hewani honi ya tuenti foo peke yake haisimamishi mchezo. Hata mtu wa meza akiibonyeza kwa bahati mbaya inapuuzwa mnaendelea, labda iwe imeiumiza timu yenye mpira, hapo refa anasimamisha, saa inarekebishwa na mpira wanarudishiwa walewale.

Na robo ikibakiza chini ya sekunde 24 mkapewa mpira mpya kwenye nusu yenu, saa ndogo, ile ya tuenti foo, inazimwa, anayedai tuenti foo hapo mwacheni alie.